Piga Fimbo, Acha Vidole

Mwanagenzi anayehudhuria semina ya arnis kwa mara ya kwanza hupewa fimbo mbili, huonyeshwa pa kusimama, kisha hutazama vidole vyake. Si woga wa bure. Mbele yake yupo mtu asiyemjua, labda dereva wa lori, labda mwalimu wa hesabu, naye ameshika fimbo mbili za henzirani, kila moja na urefu wa sentimita 71 hivi na unene wa kidole gumba cha mtu mzima. Muda si muda fimbo hizo nne zitaanza kugongana kwa hesabu, na wanaozishika hawana glavu wala kitambaa mikononi.

Mwalimu akitoa ishara, ukumbi mzima hulia kama mvua ya mawe juu ya mabati. Mwanzoni kila jozi ina mwendo wake na kelele haina mpangilio. Baada ya robo saa hivi mapigo huanza kulingana, kama watwangaji wawili waliokwisha kuzoeana kinuni, na hapo mgeni hupumua. Saa ya pili huja na harufu. Henzirani ikigongwa sana na kwa nguvu hunuka kuungua, ganda lake huchanika nyuzinyuzi, na sakafuni hubaki vumbi la rangi ya majani makavu ambalo, ikifika jioni, kila mtu hudhani litafagiliwa na mwingine.

Vidole hurudi nyumbani vizima, au karibu vizima. Haikuwa hivyo siku zote. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake sanaa hii ilikuwa ya kuvunja vidole vya watu, na ili iweze kufundishwa kwa wageni waliolipa kiingilio cha siku mbili, ilibidi mtu abadilishe mahali fimbo inapotua.

Wafilipino wana majina matatu kwa kitu ambacho mgeni anaona ni kimoja. Luzon, kisiwa chenye jiji la Manila, husema arnis, neno lililotokana na jina la Kihispania la deraya. Cebu na visiwa jirani vya Visayas husema eskrima, nalo limetoka kwa Wahispania vilevile, katika jina lao la mchezo wa vitara. La tatu ni kali, linalosikika zaidi Marekani na Ulaya kuliko Ufilipino kwenyewe, na asili yake hugombaniwa hadi leo. Serikali ilichagua la kwanza. Tarehe 11 Desemba 2009 Rais Gloria Macapagal Arroyo alitia saini Sheria ya Jamhuri namba 9850, iliyoifanya arnis kuwa mchezo wa taifa na sanaa ya taifa ya mapigano. Sheria hiyo iliiingiza arnis katika somo la mazoezi ya viungo shuleni, ikaagiza alama yake iwekwe kwenye muhuri wa Kamisheni ya Michezo, na ikataka iwe mchezo wa kwanza kushindaniwa siku ya kwanza ya Palarong Pambansa, mashindano ya kila mwaka ya wanafunzi wa nchi nzima.

Lakini sheria ilikuja nyuma ya safari. Kabla Manila haijaweka wino kwenye karatasi, arnis ilikuwa imekwisha kuzunguka dunia kwa zaidi ya miaka 30, na chombo kilichoibeba kilikuwa semina.

Semina ya aina hii ina sura yake. Hufanyika mwishoni mwa wiki, katika ukumbi wa shule au wa klabu ya karate uliokodiwa. Mwalimu hutoka mbali, mara nyingi hulala kwa mwenyeji wake ili gharama zipungue, na hufundisha kutwa nzima Jumamosi na Jumapili. Wanafunzi hujipanga mistari, huweka fimbo kifuani na kuinama kidogo; salamu hiyo huitwa pugay. Mwalimu huitwa guro, jina lililosafiri kutoka Kisanskriti hadi visiwani huko muda mrefu kabla ya Wahispania. Mswahili akitega sikio hatakosa ya kumfurahisha: shukrani yao ni salamat, yenye nasaba moja na salama yetu, meza yao ni mesa, bendera yao ni bandila. Haya mawili ya mwisho sisi tuliyapata kwa Wareno, wao kwa Wahispania.

Zoezi la kwanza karibu kila mara ni sinawali. Jina limetokana na sawali, kuta za nyumba za kijijini zinazosukwa kwa mianzi iliyopasuliwa. Aliyekua akimtazama bibi yake akisuka ukili hahitaji maelezo marefu: wa kulia unapita juu, wa kushoto unapita chini, unarudi, unabanwa, na ukikosea mmoja kazi yote inafumuka. Katika sinawali maradufu kila mtu hupiga mapigo sita kabla ya kurudia, matatu yakianzia mkono wa kulia, matatu mkono wa kushoto. Kichwa kikishaanza kuhesabu, mikono hukwama. Kichwa kikiacha kuhesabu, mikono huenda yenyewe, mpaka pale mwenye nayo atakapogundua kwamba inaenda yenyewe; hapo hukwama tena.

Wanaoaibika zaidi asubuhi hiyo ni wenye mikanda myeusi. Mtu aliyesomea karate kwa miaka 15 amezoea kuanza na mkono mtupu, na silaha, kama ipo, humjia baadaye sana, karibu kama tuzo. Arnis imepindua mpangilio huo. Siku ya kwanza, saa ya kwanza, mwanafunzi ana silaha mkononi, na mkono mtupu utafuata. Sababu yake hueleweka wakati mwalimu anapofundisha mapigo kwa namba. Mfumo wa Modern Arnis, ule wa Remy Presas tutakayekutana naye hapa chini, una 12: la kwanza hulenga panja la kushoto la mpinzani, la pili panja la kulia, la tano ni kuchoma tumboni, la 12 hushuka utosini. Jambo la kutazama hapo ni njia ambayo pigo linapita hewani. Aliyejua kulizuia la kwanza likija kwa fimbo amejua kulizuia likija kwa panga, kwa chupa, kwa ngumi. Mwalimu huweka fimbo chini, akarudia mwendo uleule kwa mikono mitupu, na ukumbi huguna.

Sasa turudi kwenye vidole.

Katika mafundisho ya zamani fimbo haikugongwa kwa fimbo. Wazee wengi waliiona fimbo kuwa kitu kitakatifu, na zaidi ya heshima hiyo kulikuwa na hesabu ya kivita. Adui mwenye panga hana hatari tena kama hawezi kulishika. Kwa nini basi ukimbilie kichwa kilicho mbali, na mkono wake umenyooshwa mbele yako? Walimu huita jambo hilo kung'oa meno ya nyoka. Ni hekima, hakuna wa kuibishia. Shida ni kwamba mwanafunzi naye alifundishwa hivyohivyo. Alikosea, akapigwa mkono. Alisubiri uvimbe ushuke, akarudi. Wengi hawakurudi.

Jiko la sanaa hiyo lilikuwa Cebu. Januari 1932, watu wa ukoo wa Saavedra na wa Cañete pamoja na wenzao walianzisha klabu ya Doce Pares, jina linalokumbusha mashujaa 12 wa Mfalme Charlemagne katika hadithi za Ulaya. Mwenzao mmoja, Venancio Bacon, mtu mdogo wa umbo aliyeogopwa na wakubwa wa umbo, alijitenga, na mwaka 1952 akaanzisha klabu yake nyuma ya duka la saa katika mtaa wa Balintawak. Klabu ikachukua jina la mtaa. Balintawak hutumia fimbo moja tu, wapiganaji wakiwa karibu kiasi cha kushikana, na mkono usio na fimbo ndio unaofanya ujanja: unasukuma, unanasa, unafunga njia. Kwa miaka mingi klabu hizo mbili zilikuwa kama Simba na Yanga, ila hapakuwa na mpira wala refa, na watani walipokutana kumaliza ubishi walikuja na fimbo.

Remy Presas alipita katika dunia hiyo. Alizaliwa Hinigaran, katika kisiwa cha Negros, mwaka 1936, na babu yake, Leon Bonco, alianza kumfundisha akiwa bado mtoto mdogo. Akiwa kijana alikwenda Cebu na kujifunza Balintawak kwa Timoteo Maranga, mmoja wa wanafunzi wa Bacon. Baadaye akawa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na darasani aliona kilichokuwa kinatokea: vijana wa Kifilipino walikuwa wanakimbilia karate na judo za Wajapani. Huko kulikuwa na sare nyeupe, mikanda ya rangi, utaratibu, na mtu hakurudi nyumbani na vidole vilivyovimba kama mihogo. Presas akafanya badiliko ambalo likielezwa huonekana dogo hadi lichekeshe. Alihamisha shabaha. Badala ya mkono wa mwenzako, piga fimbo yake.

Fikiria maana yake. Watu wawili wanaopigana mikono wanaweza kufanya zoezi mara kumi kabla ya mmoja kuomba barafu. Wakigonga fimbo, wanaweza kulifanya mara elfu moja kabla ya chakula cha mchana. Mtu mzima mwenye kazi ya ofisini, mpiga kinanda, daktari wa meno, wote sasa wanaweza kuja Jumamosi na Jumatatu wakarudi kazini. Pasipo badiliko hilo hakuna semina, kwa sababu hakuna mgeni atakayelipa nauli na kiingilio ili avunjwe kidole na mtu ambaye hata jina hajamuuliza.

Katikati ya miaka ya 1970 Presas alihamia Amerika ya Kaskazini, na kwa robo karne iliyofuata aliishi barabarani. Leo mji huu, wiki ijayo ule, majira ya joto kambi ya siku kadhaa. Alikuja na hoja yenye busara ya kibiashara, na si tusi kusema hivyo. Hakuwaambia watu wa karate waache karate. Aliwaambia kwamba arnis imo tayari ndani ya karate yao, kwamba yeye anawaonyesha tu mahali ilipojificha. Mwenye mkanda mweusi hakulazimika kuasi mwalimu wake wa zamani. Aliongeza chumba kwenye nyumba aliyokwisha kuijenga. Mwaka 1982 jarida la Marekani la Black Belt lilimtaja mkufunzi bora wa mwaka. Kwa muda alizunguka na wenzake wawili, Wally Jay wa jujitsu na George Dillman wa karate, wakifundisha kwa zamu katika ukumbi mmoja, jambo ambalo wazee wa Cebu wa 1952 wangeliona kuwa kichaa: kumwonyesha mpinzani sanduku lote na funguo zake.

Waliofundishwa naye husimulia jambo moja kwa kurudia. Hakukaa mbele ya ukumbi. Alizunguka, akasimama mbele ya kila mtu kwa zamu, hodari kwa mwanagenzi, na kugongana naye fimbo walau dakika chache. Hiyo ndiyo sehemu ya semina ambayo video haiwezi kuileta. Pigo likija kutoka kwa mtu anayejua lina uzito ambao mkono huukumbuka. Presas alifariki Agosti 2001 huko Victoria, Kanada, na kama ilivyo kawaida katika nyumba za namna hii, wanafunzi wake waligawanyika katika vyama kadhaa, kila kimoja na nembo yake.

Wapo waliomlaumu, na lawama zao si za kijinga. Walisema amegeuza vita kuwa ngoma. Ukimzoeza mtu kugonga fimbo ya mwenzake mara elfu moja, siku ya kweli atagonga fimbo pia, na wakati huo mwenye panga hatagonga kitu kama hicho. Mwalimu mwenye akili hulijua hilo, na mchana, watu wakishazoeana, humwambia mwanafunzi apige zoezi lilelile polepole huku akisogeza hatua nusu mbele. Fimbo ambayo ilikuwa inakutana na fimbo sasa inakutana na kifundo cha mkono. Hakuna kilichobadilika ila umbali. Vidole vya zamani bado vimo ndani ya zoezi, vimefunikwa tu.

Njia nyingine ya arnis kwenda duniani ilipita mashambani. Miaka ya 1920 na 1930 maelfu ya vijana wa Kifilipino walivuka Pasifiki kwenda California kukata asparaga na kuchuma zabibu. Mjini Stockton walikuwa na mtaa wao, Little Manila. Karibu wote walikuwa wanaume, na sheria za jimbo hilo ziliwazuia kuoa wanawake wazungu hadi 1948, kwa hiyo wengi walizeekea katika mabweni ya vibarua. Eskrima walikuwa nayo, lakini waliificha; mtu angeweza kulala kitanda cha jirani na bingwa kwa msimu mzima asijue. Mwaka 1966 Angel Cabales, mzaliwa wa Antique aliyekuwa amefanya kazi katika mashamba hayohayo ya asparaga, alifungua Stockton shule ya eskrima kwa yeyote aliyebisha hodi, na huhesabiwa kuwa wa kwanza Marekani kufanya hivyo. Mwenzake Leo Giron alikuwa na elimu ya aina nyingine. Katika Vita vya Pili vya Dunia Jeshi la Marekani lilimpeleka kwa siri nyuma ya Wajapani katika misitu ya Luzon, ambako panga lilikuwa kitendea kazi cha kila siku. Mtu wa namna hiyo akikuambia sogea hatua moja kushoto, unasogea.

Mji huohuo ulimzaa Dan Inosanto, mwaka 1936. Alisoma karate, akawa mwanafunzi na rafiki wa Bruce Lee, kisha akarudi kwa wazee wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine, akiwa na daftari. Mwaka 1972 yeye na Lee walipiga picha za pambano moja la filamu ya Game of Death, Inosanto akiwa na fimbo mbili, Lee na ufito mwembamba wa mwanzi kisha nunchaku. Lee alifariki 1973, filamu ikatoka 1978, na mamilioni ya watu wakaona eskrima bila kujua jina lake. Mwaka 1980 Inosanto alichapisha kitabu kilichoweka majina na sura za wazee hao mahali ambapo msomaji wa Ulaya angeweza kuviona. Naye akashika njia ya semina, Marekani na Ulaya, na hata baada ya kutimiza miaka 80 hakuwa ameacha kufundisha. Mwanafunzi wake Jeff Imada ndiye aliyepanga mapigano katika filamu za The Bourne Supremacy na The Bourne Ultimatum, zile ambamo Matt Damon anajitetea kwa jarida lililokunjwa au kitabu. Semina nyingi huwa na kijana mmoja aliyekuja kwa ajili ya jarida hilo.

Mchana ni wa mikono mitupu na visu, na hapa ukumbi hubadilika sauti. Fimbo zikishawekwa ukutani, husikika viganja tu. Zoezi linaitwa hubud, na walimu hulieleza kama kufunga na kufungua: mkono wa mwenzako unashuka, unaupokea kwa mmoja, unaupitisha kwa wa pili, unaufunga chini kwa wa kwanza, kisha ni zamu yako kushambulia naye apokee. Linaenda mviringo bila kituo. Waliozoea hufumba macho, wakaongozwa na ngozi.

Halafu mwalimu huleta visu vya mbao au vya mpira. Hapa semina huanza kudanganya kidogo, na afadhali isemwe. Katika zoezi, mshambuliaji hunyoosha mkono wenye kisu na kuuacha pale, kama mtu anayesubiri kupimwa shinikizo la damu, mpaka mwenzake amalize kuushika, kuuzungusha na kukinyang'anya kisu. Ni zuri la kutazama. Mwenye kisu wa barabarani hauachi mkono. Anachoma na kuurudisha, anachoma tena. Walimu wazuri hukatiza zoezi na kumpa mmoja kisu chenye chaki au rangi kwenye makali, wakamwambia ajaribu kwa dhati. Dakika moja inatosha. Fulana ya anayejitetea huwa kama ubao wa mwalimu wa darasa la kwanza, na ukumbi unapunguza majigambo. Wengine hawafanyi jaribio hilo, kwa sababu walioalikwa wamelipa ili wajisikie hodari, na wanaondoka hivyo.

Wakati wa chai huja hadithi, na ya kwanza haikosi kuwa ya Mactan. Asubuhi ya tarehe 27 Aprili 1521, katika kisiwa hicho kilicho mkabala na Cebu, watu wa mtemi Lapulapu walimuua Ferdinand Magellan, Mreno aliyekuwa akimtumikia mfalme wa Hispania. Msomaji wa mwambao ana sababu yake ya kuinua sikio. Miaka 16 kabla, mwaka 1505, Magellan alikuwa amejiandikisha katika msafara wa Francisco de Almeida, ule ulioteka Kilwa mwezi Julai na kuichoma Mombasa mwezi Agosti. Aliyefia kwenye maji ya Mactan alikuwa ametoka katika kundi lililoyajua maji yetu.

Semina nyingi husimulia kwamba Magellan aliuawa kwa kali, na fulana huchapwa kwa jambo hilo. Antonio Pigafetta, Muitalia aliyekuwapo na kujeruhiwa, aliandika alichokiona. Wazungu walioshuka majini walikuwa 49, na mashua hazikuweza kukaribia ufuko kwa ajili ya miamba. Mshale wenye sumu ulimpata Magellan mguuni, mkuki wa mwanzi ukampata mkononi hata akashindwa kuuchomoa upanga wake hadi mwisho, kisha pigo la panga kubwa kwenye mguu wa kushoto likamwangusha kifudifudi. Hakuna fimbo ya henzirani katika maelezo hayo, wala jina la aliyempiga. Mkono, hata hivyo, umo.

Hadithi ya pili ni kwamba Wahispania walipiga marufuku sanaa hiyo, nayo ikajificha ndani ya michezo ya jukwaani ya moro-moro. Inapendeza kusikiliza. Mwaka 2007 Ned Nepangue na Celestino Macachor, Wacebu wenyewe, walichapisha kitabu kilichoikata hadithi hiyo vipande. Hoja yao ni kwamba eskrima ijulikanayo leo iliundwa Visayas baada ya Wahispania kufika, wakati vijiji vya pwani vilipojihami dhidi ya mashambulizi ya wateka watumwa kutoka kusini, mapadri wakishiriki kuandaa ulinzi. Si kila mtu anaikubali. Lakini ushahidi mmoja uko mdomoni mwa mwalimu mwenyewe, anayehesabu umbali kwa Kihispania, largo, medio, corto, na kuita pigo la kuzungusha kifundo abaniko, yaani pepeo, na upanga pamoja na jambia espada y daga. Watu hawapokei msamiati mzima kutoka kwa mtu ambaye hawakuwahi kuvuka naye fimbo.

Ubishi juu ya kugonga au kutogonga haukuisha na Presas. Mwaka 1988 huko California kikundi cha Dog Brothers kilianza kupigana kwa fimbo za henzirani zisizofunikwa kwa chochote, wakivaa barakoa za wavu za wacheza vitara na glavu nyepesi tu. Kwao vidole vilirudi kuwa shabaha, na aliyepigwa alijua. Upande wa pili, wanamichezo walikwenda kwenye deraya: kofia ngumu, fulana nene za sponji, waamuzi na pointi. Katika Michezo ya Asia ya Kusini-Mashariki ya 2019, iliyofanyika Ufilipino, arnis ilikuwa na medali 20 za dhahabu, na wenyeji walichukua 14. Kulikuwa na makundi ya fimbo ngumu na ya fimbo iliyofunikwa sponji. Wazee wengine hucheka wakiona sponji. Watoto wa shule hawacheki, wanagombea zamu.

Jumapili alasiri semina huisha kwa utaratibu usiobadilika. Pugay, picha ya pamoja, foleni ya vyeti. Juu ya vyeti hakuna haja ya maneno mengi: cheti cha kuhudhuria kinathibitisha kwamba mtu alihudhuria, na si kosa la karatasi kama mwenye nayo atakisoma vingine. Chenye faida zaidi huwa ni namba ya simu ya mwenzi wa mazoezi anayeishi mji jirani, kwa sababu sinawali haifanyiki peke yako, na baada ya wiki mbili nusu ya yaliyofundishwa huwa yamekwisha kuyeyuka.

Fimbo zilizochanika huviringishwa utepe wa gundi ili zisogee hadi mwezi ujao. Wa kusafiri kwa ndege huzitia kwenye sanduku la kupakiwa chini, maana hakuna askari wa uwanja wa ndege atakayeelezwa akaelewa. Wengine hupanda basi. Mwanagenzi wa jana asubuhi amekaa dirishani, ukucha wa kidole cha shahada una doa jeusi la ukubwa wa punje ya kunde, kumbukumbu ya sekunde moja ambayo mmoja wao alisahau kugeuza mkono. Vidole vyake vinagonga magotini bila yeye kujua, kulia, kushoto, kulia, kisha kushoto, kulia, kushoto, na abiria wa jirani amekwisha kusogeza mkoba wake upande wa pili.